Pesa za marehemu zilizolala benki: uende kwa Kadhi, kwa hakimu au kwa Mdhamini wa Umma?

Baada ya arobaini ya ami yangu pale Kisauni tulianza kupanga vitu vyake. Juu ya kabati palikuwa na kopo la biskuti, lile la bati lenye picha ya farasi. Ndani mlikuwa na risiti za maji, picha mbili za pasipoti na kitabu cha benki kilichofungwa kwa uzi mweusi. Ingizo la mwisho lilikuwa la miaka saba nyuma, na salio lilikuwa shilingi 480,000. Mkewe hakuwahi kukisikia kitabu hicho.

Mwanawe mkubwa akasema kwa raha zake, "Saini ya baba naiweza tangu darasa la sita. Nani alikuwa akinitilia kwenye ripoti za shule?" Tulicheka, maana kweli aliiweza. Jioni kwenye baraza kila mzee akatoa njia yake. Mmoja alisema mambo haya ni ya Kadhi, mwingine akasema nendeni kwa hakimu. Wa tatu, karani mstaafu, akasema mwachieni pablik trasti. Kijana mmoja aliyekuwa akinywa kahawa pembeni akasema anamjua mtu wa kuzitoa kwa wiki mbili, akipewa thelathini kwa mia.

Makala haya ni kwa familia iliyo kwenye baraza kama lile, hapa Kenya. Nitalinganisha zile njia tatu za kwanza. Ya kijana nitaigusa kwa ufupi, kwa kuwa haistahili zaidi.

Kwanza, nani anaruhusiwa kugusa

Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema mtu asiye na idhini ya kisheria haruhusiwi kuchukua, kuuza wala kuingilia kwa namna yoyote mali ya marehemu. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Juu ya hayo, aliyechukua hudaiwa na msimamizi halali arudishe alichokitwaa. Kosa hili halimwachi mtoto wa kumzaa, wala mke wa ndoa. Kutumia PIN ya M-Pesa ya marehemu usiku wa msiba, hata kwa nia ya kununua mchele wa khitma, kunaangukia humo humo. Kuiga saini ni kughushi, na hilo ni kosa jingine kabisa.

Watu wengi hukwama kwenye jina la "next of kin" lililoandikwa kwenye fomu ya benki. Jina hilo ni la mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na jambo. Halimfanyi mrithi, na benki haitamlipa kwa sababu hiyo tu.

Pesa nyingine lakini hazihitaji mahakama, na hizi zitengeni mapema. Akiba na hisa za Sacco zinaweza kulipwa moja kwa moja kwa mtu ambaye mwanachama alimteua, chini ya kifungu cha 39 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika. Mafao ya skimu ya pensheni yenye mteuliwa hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi, kwa kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu. NSSF nayo ina utaratibu wake wa kuwalipa wategemezi. Nimeona familia ikikaa mwaka mzima mahakamani kwa pesa ambazo ziliandikiwa jina la binti kwenye fomu ya Sacco. Ulizeni kwanza.

Halafu iko hali yetu sisi: akaunti iliyolala. Tangu Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya mwaka 2011, benki haibaki na akaunti isiyoguswa milele. Ikipita miaka mitano bila mwenyewe kuonekana, pesa hupelekwa kwenye mamlaka inayoitwa UFAA. Bima, gawio la hisa na amana za kampuni za huduma nazo zina muda wake. Pesa zikifika huko hazipotei wala hazigeuki kuwa za serikali: mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzidai wakati wowote, na kudai ni bure. Unaweza kupiga *361# kuangalia kama jina la marehemu limo, au uulize Huduma Centre. Jaribuni na majina aliyoyatumia zamani. Ami alisajiliwa benki kwa jina la babu yake, si la baba yake.

Wengi huidhania UFAA kuwa ni njia ya nne, ya kukwepa mahakama. Sivyo. Wao pia, mwenye pesa akiwa amefariki, watakuuliza hati ya usimamizi wa mirathi, yaani karatasi ya kisheria inayomtaja nani asimamie mali ya marehemu. Kwa hiyo swali linabaki lile lile, ziwe pesa bado ziko benki au zimeshahamia UFAA: hati hiyo mtaipatia wapi?

Ninavyolinganisha

Nimezipima njia tatu kwa mambo matano: nani anaweza kuitumia, mafungu yanagawiwaje, inakula kiasi gani mfukoni, inachukua muda gani, na nini hutokea ndugu wakigombana. Kwa maoni yangu la mwisho ndilo zito kuliko yote, ingawa familia huanza na la gharama.

Nani anaweza kuingia

Mahakama ya Kadhi ina mpaka uliowekwa na Katiba, ibara ya 170(5). Inasikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa sheria ya Kiislamu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kusimama mbele yake. Neno "wote" ndilo la kuangaliwa. Ikiwa dada mmoja alibadili dini, au mke wa pili ni Mkristo, au kaka aliye Nakuru anasema yeye Kadhi hamtaki, mlango huo umefungwa hata kama marehemu alikuwa imamu.

Mahakama ya hakimu iko wazi kwa kila mtu, wa dini yoyote au asiye na dini. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 20, na mahakimu wa ngazi za chini wana viwango vidogo zaidi. Mali ikizidi hapo, ni Mahakama Kuu. Kama marehemu aliacha wasia wa maandishi na kumtaja msimamizi, huyo ndiye anayeomba. Kama hakuacha, mume au mke aliyebaki ndiye hutangulia kwenye foleni ya kuteuliwa, kisha warithi wengine, na wadai huja mwisho.

Mdhamini wa Umma, au pablik trasti kama wengi wanavyomwita, ni afisa aliye chini ya Mwanasheria Mkuu, anayefanya kazi kwa Sheria ya Mdhamini wa Umma, Sura ya 168. Ana ofisi Nairobi na katika miji mingine mikubwa, Mombasa ikiwemo. Kwake huenda familia ambayo haitaki au haiwezi kusimamia yenyewe. Mafao ya vifo vya watumishi wa serikali nayo mara nyingi hupitia hapo. Mirathi ikiwa ndogo, chini ya kiwango kilichowekwa, anaweza kuisimamia kwa njia fupi bila kuomba hati kamili mahakamani.

Mafungu

Hapa ndipo upotofu ulipo mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu hudhani kuchagua mahakama ni kuchagua sheria ya kugawa. Mwislamu akifa, mirathi yake hugawiwa kwa sheria ya Kiislamu, na hilo liko ndani ya kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Mirathi yenyewe. Mjane Mwislamu akienda kwa hakimu kwa matumaini ya kupata zaidi, hakimu naye atafungua mafungu yale yale. Na kinyume chake, sehemu ya sheria hiyo inayohusu usimamizi wa mirathi inawahusu Waislamu pia, pale isipopingana na sheria yao. Kwa hiyo ile kauli ya barazani, "sisi Waislamu hatuhitaji hati," si kweli.

Tuchukue zile 480,000 za ami, baada ya gharama za mazishi na madeni. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na wazazi wake wametangulia. Mke ana thumni, moja ya nane, yaani 60,000. Zinabaki 420,000. Mtoto wa kiume huchukua mafungu mawili na kila binti moja, jumla manne, kila fungu 105,000. Kijana anapata 210,000, na kila binti 105,000. Hesabu imekwisha, na kila aliyekaa pale ukumbini anaijua kabla ya kusomwa.

Sasa marehemu angekuwa si Mwislamu, na hakuacha wasia, kifungu cha 35 kingetumika. Mke angechukua vitu vyake na vya nyumbani moja kwa moja. Zile 480,000 angekuwa na haki nazo ya maisha tu: anafaidi kinachotokana nazo, lakini mtaji wenyewe haugusi ila kwa kukubaliwa na wasimamizi wenzake na watoto wote waliokwisha kuwa watu wazima, au kwa ruhusa ya mahakama. Akiondoka yeye, watoto hugawana sawasawa, wa kiume na wa kike. Kwa pesa taslimu mpango huu ni mgumu kuuishi, na familia nyingi huandikiana makubaliano mengine ambayo mahakama huyapitisha wakati wa kuthibitisha hati.

Jambo moja zaidi kwa Waislamu. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto wa baba Mwislamu hawezi kunyimwa urithi kwa sababu tu alizaliwa nje ya ndoa. Kama yuko mtoto wa namna hiyo, mtajeni tangu mwanzo. Kumficha ndiko kunakoharibu hati baadaye, kwani hati iliyopatikana kwa kuficha mrithi inaweza kufutwa.

Mdhamini wa Umma hana mafungu yake mwenyewe. Anafuata sheria inayomhusu marehemu.

Mfuko

Kwa Kadhi watu wengi huenda bila wakili, na hilo peke yake ni nafuu kubwa. Mnalipa ada ya kufungua shauri, na mnatengeneza nakala. Kwa hakimu mnaweza pia kwenda wenyewe, lakini fomu ni nyingi: ombi lenyewe ni P&A 80, hati ya kiapo ya kuliunga mkono ni P&A 5, na P&A 38 ni ya idhini ya warithi wenzenu. Watakiwa pia wadhamini wawili wa kuapa kwamba msimamizi akifuja watabeba. Kuwapata hao wawili ndiko kulikotutoa jasho, maana mtu anakupa mbuzi wa msiba lakini sahihi yake hakupi. Kisha yako malipo ya tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Mkiweka wakili, ada yake ndiyo itakayomeza zaidi ya vyote hivyo, kwa hiyo kwa mirathi ya laki chache fanyeni hesabu kabla ya kutia sahihi.

Mdhamini wa Umma hahitaji wadhamini, na nanyi hamhitaji kulipa wakili. Hukata ada yake kwenye mirathi yenyewe kabla ya kugawa. Kwa mtu asiye na shilingi mkononi leo, huo ni unafuu. Kwa mirathi kubwa, ada hiyo si ndogo tena.

Muda

Kwa hakimu muda unahesabika. Baada ya tangazo la Gazeti hungojewa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hati ikishatoka, kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita, na hiyo iliyothibitishwa ndiyo inayosema nani apate nini. Mahakama inaweza kuufupisha muda huo ikiona sababu. Kwa hiyo ukisikia mtu ameahidiwa pesa kwa wiki mbili kupitia mlango halali, mwambie aulize tena. Pakiwa na dharura, mfano karo ya shule au mali inayoharibika, iko hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali, lakini hiyo hairuhusu kugawa.

Kwa Kadhi, warithi wote wakiwa wamekuja na wamekubaliana, shauri mara nyingi huwa fupi, kwa sababu mafungu hayabishaniwi. Kazi iko kwenye kuthibitisha nani ni mrithi. Ombeni hati yenyewe inayomtaja msimamizi kwa jina, na akaunti kwa namba. Karatasi yenye mafungu tu haimwambii karani wa benki pesa amkabidhi nani. Na kabla hamjafungua lolote, nendeni kwenye dawati linaloshika pesa muulize wanataka karatasi gani. Swali hilo la dakika kumi lingetuokolea safari mbili.

Mdhamini wa Umma yuko katikati: njia fupi ni fupi, lakini ni ofisi, na mafaili ya ofisi husubiri mafaili mengine. Anayetaka kufuatilia afuatilie kwa utulivu, na barua zake azitunze.

Wakigombana

Kadhi ni mzuri pale ugomvi ulipo wa maneno tu. Nimeona ndugu wasiosalimiana wakitulizwa na aya moja. Ila mmoja akiamua kutokubali mamlaka yake, kazi yote inaanza upya kwingine. Uamuzi wake hukatiwa rufaa Mahakama Kuu.

Hakimu ana nguvu ya kumleta asiyetaka kuja, na ya kumvua msimamizi aliyekula. Msimamizi anatakiwa kutoa hesabu kamili ya mali ndani ya miezi sita tangu apewe hati, na mrithi yeyote anaweza kuidai. Ubaya wake ni kwamba kesi ya mirathi ikishaingia mabishano huzeeka pamoja na walioifungua.

Mdhamini wa Umma hana upande, na hilo ndilo tunu yake. Hakuna atakayesema kaka mkubwa kapendelea upande wa mamake. Lakini kama ugomvi ni nani hasa ni mrithi, yeye haukati, utarudi mahakamani.

Watoto wadogo wanabadilisha mizani yote. Mirathi isiyo na wasia ikiwa na mrithi aliye chini ya umri, au mjane mwenye haki ya maisha, hati haitolewi kwa mtu mmoja peke yake. Wanahitajika wawili au zaidi, na hawazidi wanne. Mdhamini wa Umma lakini anaruhusiwa kusimama peke yake, na anaweza kuliweka fungu la mtoto hadi akue.

Na yule kijana wa thelathini kwa mia

Kumlipa mtu akusaidie kujaza fomu si kosa. Kosa ni yeye kukutengenezea barua ya chifu ya uongo, au kukuita mrithi wa mtu usiyemjua. Wenzetu walio Muscat, Dubai na Minneapolis hupata barua pepe za aina hii: "Mteja wetu amefariki bila warithi, jina lenu la ukoo linafanana, tugawane." Hakuna benki inayotafuta mrithi kwa kufananisha majina. Kwa sheria ya Kenya, asiye na jamaa hadi daraja la sita, mali yake huingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Haiwi ya karani aliyeiona kwanza. Anayekuomba "ada ya kufungua faili" ndiye anayetafuta pesa zako.

Kwa hali yako

Kama wote ni Waislamu, wote wanasalimiana, na warithi wote ni watu wazima, Kadhi atawatosha. Chukueni cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote na vitambulisho, mwende pamoja siku moja.

Kama familia ina dini mbili, au yuko mmoja anayetishia, au mali imefika mashamba na nyumba na si akaunti tu, nendeni kwa hakimu au Mahakama Kuu tangu mwanzo. Msianze kwa Kadhi mkitarajia yule mmoja atalainika.

Kama warithi ni watoto wa shule na hakuna watu wazima wawili wanaoaminiana, au mirathi ni ndogo na hakuna wa kuizungukia, Mdhamini wa Umma ana maana. Vivyo hivyo mjane mzee asiyeweza kupanda ngazi za mahakama.

Kama mmoja wenu yuko ng'ambo, msimngoje aje. Idhini yake ishuhudiwe huko alipo, mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati au ubalozini, kisha aitume karatasi halisi. Picha ya WhatsApp haipokelewi.

Na kama salio ni dogo kuliko nauli na fomu, liacheni UFAA. Halina tarehe ya mwisho. Mkija kupata hati kwa sababu nyingine, kama shamba, litajeni akaunti hiyo kwenye orodha ya mali, nalo litafuata.

Sisi tulikwenda kwa Kadhi. Mwana mkubwa ndiye aliyeteuliwa msimamizi, na siku ya kutia sahihi, mamake alimtazama mkono kwa makini mpaka alipomaliza kuandika jina lake mwenyewe.